Faili la Mama Mkwe

Kabla sijaacha kazi benki nilionywa mambo mengi. Niliambiwa nitaukumbuka mshahara, nikasema najua. Niliambiwa watu wa Kisii hawatoi hela kununua maneno, nikasema watazoea. Ndugu yangu mmoja alisema nitarudi benki kwa magoti kabla mwaka haujaisha, na huyo hata sikumjibu. Lakini katika waonyaji wote hao, hakuna aliyefikiria kunionya kuhusu mama mkwe wangu.

Nilikuwa nimekaa miaka kumi na mmoja kwenye dawati la mikopo la benki moja mjini. Kila mwezi tulipewa lengo, na kila mwezi nilimtafuta mtu wa kumbebesha lengo hilo. Kilichonitoa ni mwalimu mmoja mstaafu kutoka Nyacheki. Alikuja na pesa zake za kustaafu akitaka ushauri, akatoka na mkopo wa gari, na kwao hakukuwa na barabara ya gari kufika. Nilimuuzia mimi mwenyewe, kwa tabasamu. Wiki ile nilipongezwa mbele ya wenzangu wote, na barua ya kuacha kazi niliiandika nikiwa bado na kipande cha keki ya pongezi kwenye sahani.

Nilichotaka ni kuwa mshauri wa mali wa kujitegemea. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, ila sijui kwa nini hakuna aliyenielewa. Mshauri wa namna hiyo hana bidhaa. Hauzi bima, hauzi mkopo, hauzi ploti. Anakaa upande wa mwenye mali, anatazama kila alichonacho, ardhi, akiba, mifugo, watoto, uzee unaokuja, kisha anamwambia ukweli. Analipwa na mwenye mali peke yake ili asiwe na bwana mwingine. Nilipomweleza binamu yangu haya yote, akaniuliza kama ni ile ya kuingiza watu wawili, halafu nao waingize wawili wawili. Nikaeleza upya, polepole. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama ninaweza kumkopesha. Jirani yetu naye alimwambia mkewe asinifungulie lango mpaka hiyo kitu yangu iishe.

Masomo yalikuwa jioni mbili kwa wiki katika ukumbi mdogo juu ya duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo mjini, anayesema Ekegusii, lugha yetu, vizuri kuliko watoto wangu. Kila nilipopita kwenye kaunta yake kuelekea ngazini aliniuliza nitauza nini nikimaliza kusoma, na kila mara nilimjibu kwamba nitauza ushauri. Alicheka kidogo kidogo, mabega tu yakitikisika. Alisema yeye ametoa ushauri bure kwenye kaunta ile maisha yake yote, na bado watu wananunua rangi isiyowafaa.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke kutoka upande wa ziwa, mkali, mwenye viatu vilivyong'aa hata msimu wa matope. Alitufundisha kwa Kiingereza na kutugombeza kwa Kiswahili. Mtihani wake wa mwisho haukuwa wa kuandika darasani. Kila mmoja wetu alitakiwa kutafuta familia moja halisi, aihoji, aandike mali yake yote na mahitaji yake yote, aipe ushauri, na mwenye mali atie sahihi. Hilo ndilo lililoitwa faili la familia. Bila faili huhitimu, na bila kuhitimu huruhusiwi kumshauri mtu yeyote kwa malipo.

Ukurasa wa kwanza wa faili ulikuwa na swali moja tu, la mshauri mwenyewe: je, wewe au nyumba yako mnanufaika kwa njia yoyote na mali ya familia hii? Chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana, halafu mstari wa sahihi. Ndugu na wakwe waliruhusiwa, kwa kuwa mwalimu alijua hakuna watu wengine ambao wangetuvumilia, mradi jibu liwe hapana. Likiwa ndiyo, faili halipokelewi, na mwenye nalo anasubiri mtihani wa miezi sita baadaye akiwa na familia nyingine. "Huwezi kumshauri mtu ambaye unakula kwake," alisema, akigonga ukurasa kwa kalamu. "Ukitia sahihi hapa umeniambia wewe ni mtu huru."

Niliupenda ukurasa ule kuliko kurasa zote. Nilitia alama kwenye hapana na kuweka sahihi jioni ileile, kabla hata sijapata familia, sahihi ndefu yenye mkia.

Miezi sita haikuwa mchezo kwangu. Akiba yangu ilikuwa imepimwa ifike Desemba, na Januari nilikuwa na wateja wawili waliosema watakuja nikishapata kibali. Mke wangu anafundisha sekondari, na mimi nilikuwa nimetengeneza bajeti ya nyumba, ukurasa mmoja, nikaibandika kwenye mlango wa friji. Mshahara wake na akiba yangu, kila kitu kwenye mstari wake: kodi, chakula, ada za watoto wawili, mafuta ya gari. Miezi ikapita na bajeti ikasimama. Nilishangaa jinsi ilivyosimama. Niliibeba hata darasani kuwaonyesha wenzangu, nikawaambia kwamba tatizo la familia zetu si uhaba wa pesa, ni uhaba wa nidhamu. Mwalimu aliitazama kwa muda mrefu, akasema ni bajeti ya ajabu. Mimi nikachukulia kuwa ni sifa.

Kupata familia kulinitoa jasho. Mkulima mmoja wa Nyaramba alikubali vizuri kabisa, mpaka nilipotoa karatasi ya kuandika ekari. Hapo akasimama. Alisema mashamba yakishaandikwa kwenye karatasi moja, kinachofuata ni kesi, akanipa ndizi mkungu mzima na kunisindikiza barabarani. Kisha kulikuwa na mume na mke, wote walimu. Mume aliniomba tufanye faili lakini mkewe asijue. Mke akanipigia siku mbili baadaye, kwa sauti ya chini, akaniomba tufanye faili lakini mumewe asijue. Nilikaa na simu mkononi nikajiuliza kama mshahara wa benki ulikuwa mbaya kiasi hicho.

Ndipo mke wangu aliposema, bila kuinua macho kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha, kwamba mama yake ana kila kitu kinachotakiwa kwenye ile fomu yetu. Na kweli anacho. Mama mkwe ni mjane wa Gesima mwenye michai ya juu karibu na barabara na michai ya chini kando ya mto, ng'ombe watano wa maziwa, vyumba vinne vya kupangisha sokoni, na mtoto mmoja wa kiume aliye Marekani ambaye hupiga simu Jumapili. Isitoshe, ni mtu asiye na maneno mengi na anayeweka ahadi. Alikuwa mteja wa kutamaniwa na mshauri yeyote duniani, isipokuwa mume wa binti yake.

Kwetu kuna jambo linaitwa chinsoni, ile haya ya heshima kati ya watu wa vizazi fulani, na hapana mahali inapobana kama kati ya mkwe na mama mkwe. Simpi mkono. Simtazami usoni. Hali chakula mbele yangu wala mimi sili mbele yake. Nikifika kwake ninakaa sebuleni na yeye anabaki jikoni, nyumba ya pembeni, na salamu zinapita kwa mtu wa tatu. Zamani mtu huyo alikuwa baba mkwe, Mungu amrehemu, aliyenisalimia kwa niaba ya wawili na kula kwa niaba ya watatu. Sasa hayupo. Na mimi nilitakiwa na fomu ile kumuuliza mama huyo, kwa mpangilio, ana umri gani, ana magonjwa gani, analala wapi, na akifa anataka nani apewe nini.

Tulienda Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato yake. Nilikaa sebuleni na faili magotini, na mke wangu akawa ndiye mjumbe. Nilimpa swali, akavuka ua hadi jikoni, akarudi na jibu. Niliuliza ng'ombe wangapi wanakamuliwa, akaenda, akarudi na watatu. Niliuliza vyumba vya sokoni vina wapangaji wote, akaenda, akarudi na kimoja kitupu, paa linavuja. Nilipouliza ni watu gani wanaomtegemea mama kwa matumizi, alikawia kidogo huko. Aliporudi alisema hakuna, watoto wake wote wanajitegemea. Niliandika hakuna, kwa furaha, kwani mmoja wa hao watoto alikuwa amejitegemea kwa bajeti yangu.

Safari ya kumi na nne alirudi viatu vikiwa vimejaa matope na uso umekunjamana. "Mimi si posta," akasema. Alichukua simu yangu, akabonyeza namba ya mama yake, akanishikisha, akaenda zake kuangalia ng'ombe.

Jikoni simu ikalia. Niliisikia kupitia dirishani, kisha nikasikia sauti ya mama mkwe mara mbili, moja sikioni na nyingine ikitoka ng'ambo ya ua. Sikujua nianze vipi. Aliyeanza ni yeye, na alianza kwa Kiswahili. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa hatukuwahi kusemezana kwa Kiswahili, wala kwa lugha nyingine yoyote zaidi ya salamu za kutumwa. Chake kilikuwa Kiswahili cha sokoni na cha kituo cha kupimia majani ya chai, na alikishika kwa nguvu. "Halo," akasema. "Hapa ni mteja. Uliza maswali yako."

Nilimwelewa papo hapo, na mpaka leo namvulia kofia. Kwa Ekegusii mimi nilikuwa mume wa bintiye, na kuna mambo yasingeweza kupita kinywani mwetu. Kwa Kiswahili nilikuwa mtu wa ofisi tu, kama yule wa stima au yule wa maji, na mtu wa ofisi humuuliza mama yeyote swali lolote na chinsoni haimhusu. Alinitajia umri wake na presha yake bila kusita. Akaniambia anapotaka kuzikwa na nani asipewe ng'ombe.

Si kwamba ilikuwa rahisi. Fomu ile iliandikwa na watu wasiowahi kuongea na mama yeyote. Ilinitaka nimuulize, akipoteza sehemu ya tano ya mali yake kwa mwaka mmoja, atafanya nini. Nikauliza. Akaniuliza kwa ukali ni nani aliyesema atapoteza, na kama kuna jambo nimesikia huko mjini basi niliseme. Nilieleza kwamba ni mfano tu. Akasema yeye hapendi mifano ya namna hiyo. Mwishowe akakumbuka mwaka ambao mvua ya mawe iliipukutisha chai yote mchana mmoja. Nikauliza alifanya nini. Alisema asubuhi yake aliingia shambani akachuma yaliyobaki. Nikaandika kwamba mteja anastahimili hasara, nikageuza ukurasa.

Kwa wiki tatu nilitengeneza ushauri wangu, na nasema bila haya kwamba ulikuwa mzuri. Apunguze ng'ombe wawili wasiotoa maziwa. Arekebishe paa la kile chumba kabla mpangaji wa jirani naye hajahama. Sehemu ya bonasi ya chai aiweke kwenye bondi za serikali badala ya kuiacha benki ilale. Nilimsomea yote kwa simu na kila jambo akajibu sawa. Kisha nikafika kwenye chai ya mtoni.

Chai ya mtoni ni kishamba kidogo cha michai mikuukuu, mahali penye maji ya kupita kiasi, chini ya mikaratusi ya jirani inayotupa kivuli juu yake nusu ya siku. Haina faida ya maana. Mbolea inakula, wachumaji inalipa, na mwenye shamba anabakiwa na kidogo mno kwa taabu yote hiyo. Mtu yeyote mwenye macho angesema ing'olewe, sehemu ipandwe maparachichi na sehemu majani ya ng'ombe. Nilisema hivyo. Akajibu hapana.

Nikauliza kwa nini. "Hiyo chai iko na kazi yake," akasema. Nilijaribu tena wiki iliyofuata nikiwa na hesabu ya maparachichi. Iko na kazi yake. Nilijaribu kupitia kwa mke wangu, ambaye alinijibu kwa haraka kwamba nimwache mama na chai yake, mbona nimeing'ang'ania. Basi nikafanya walivyonifundisha benki, nikajaza pengo kwa lugha nzuri. Niliandika kwamba mteja ana mapenzi ya kumbukumbu na shamba hilo lililopandwa na marehemu mume wake.

Mwalimu aliisoma rasimu yangu siku ya darasa, akafika hapo akasimama. Aliniuliza kama hayo mapenzi ya kumbukumbu aliyasema mteja au nimebuni. Nikasema ni dhahiri. Alisema mteja huyu hakupoteza pesa kwa jambo lolote jingine katika kurasa arobaini, iweje azipoteze hapa. Kuna sababu, na kama sijui sababu basi simjui mteja. Nirudi nikaulize. Siku ya kuwasilisha ilikuwa Jumanne iliyofuata.

Niliondoka nimefura. Nilipita kwenye kaunta bila kumjibu mzee wa Kihindi. Nilikuwa na faili la kurasa arobaini lililokamilika kila kona, na lilikuwa limenasa kwenye kishamba cha michai mizee kwa sababu ya ukaidi wa mama mmoja na ukaidi wa mwalimu mmoja. Niliendesha gari hadi Gesima Jumapili ile nikinung'unika njia nzima, na mke wangu akatazama nje ya dirisha njia nzima.

Nilikaa kiti kilekile sebuleni. Nikapiga simu, ikalia jikoni, ikapokelewa.

"Mama, ile chai ya mtoni," nikasema.

"Iko na kazi yake."

"Kazi gani, mama?"

"Kazi yake."

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nilimwambia, kwa sauti ambayo sikupaswa kuitumia hata kwa Kiswahili, kwamba mwalimu anataka sababu, na bila sababu faili linaanguka na mimi ninaanguka nalo. Nilimwambia nimeacha kazi, nina watoto wawili shuleni, nimejibana mwaka mzima, na sasa kila kitu kimekwama kwa kishamba kisicholipa hata wachumaji wake.

Nilisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini.

"Hiyo ndio inasomesha watoto wako," akasema.

"Sijakusikia vizuri, mama." Nilikuwa nimemsikia vizuri sana, tena mara mbili, sikioni na dirishani.

"Chai ya mtoni ndio inalipa shule ya watoto. Tangu utoke benki. Ile ya juu iko na kazi zingine. Sasa umeuliza, andika."

Sikuandika. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai na vikombe viwili. Aliviweka mezani, akachukua faili magotini mwangu pamoja na kalamu, akavuka ua. Aliporudi, mstari wa mteja ulikuwa na sahihi ya mama, herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, iliyonyooka kuliko yangu. Nilikunywa chai kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Njiani kurudi mke wangu alinieleza. Ilianza muhula wa pili tangu niache kazi. Bajeti yangu haikuwa na gesi, haikuwa na viatu vya shule, haikuwa na michango ya harusi na matanga ambayo mwalimu wa sekondari hawezi kuikwepa. Hayo yote yalilipwa kwa pesa za ada, na ada ndiyo iliyokosekana. Kuna siku nilimkuta mtoto wetu mdogo nyumbani, nikaambiwa ana mafua. Hakuwa na mafua, alikuwa amerudishwa na shule kwa kukosa ada. Siku hiyo mke wangu alimpigia mama yake, na mama akakubali kwa sharti moja, kwamba mimi nisijue, maana mwanamume anayejifunza kazi mpya hafai kuvunjwa moyo.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia yeye, mke wangu. Alifikiri mpaka tukapita kona mbili. "Ulikuwa unaifurahia sana ile bajeti yako," akasema.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mama yake, nikaikasirikia fomu. Nilikumbuka nilivyosimama darasani na ile karatasi ya friji nikihubiri nidhamu, huku kikongwe wa Gesima akiamka na baridi kusimamia wachumaji kwenye matope ya mtoni ili mahubiri yangu yawe ya kweli. Nilikuwa nimempangia mama huyo aing'oe. Nilimletea hesabu. Sijawahi kuona aibu kama ile, na aibu yangu ikishanizidi huwa inatoka kama hasira.

Jumatatu mke wangu aliuona ukurasa wa kwanza. Faili lilikuwa wazi mezani na mimi nilikuwa nimelikodolea macho tangu asubuhi. Alisoma swali, akasoma hapana yangu, akaelewa. Aliniambia kwa upole kwamba nimeshaweka sahihi, na mama ameshaweka yake, na hakuna mtu atakayetoka mjini kwenda kuihoji michai ya Gesima. Januari iko hapo. Wateja wawili wapo. Tukishapata kazi tutamrudishia mama kila kitu.

Nilitaka kumkubalia. Nisijifanye mtakatifu, nilitaka sana. Nilifunga faili, nikalitia kwenye bahasha, nikaandika jina la mwalimu juu yake. Lakini nilikuwa nimepata kuifanya kazi ya kutabasamu na kuficha, niliifanya miaka kumi na mmoja na nikala keki yake. Kama ningeingia kwenye kazi hii mpya kwa mlango uleule, sikuona kwa nini nilitoka benki.

Niliichana bahasha ile. Kwenye chai ya mtoni nilikata mapenzi ya kumbukumbu, nikaandika kwamba shamba hili linasomesha wajukuu wawili wa mteja, ambao ni watoto wa mshauri. Kwenye wategemezi nilikata hakuna. Kisha nikarudi ukurasa wa kwanza, nikapiga mstari juu ya hapana na juu ya ile sahihi yenye mkia, nikatia alama kwenye ndiyo.

Jumanne mwalimu alilisoma lote nikiwa nimesimama mbele yake. Alipomaliza alirudi ukurasa wa kwanza, akaigonga ile ndiyo kwa kalamu.

"Hii ndiyo faili nzuri kuliko zote mwaka huu," akasema. "Na siwezi kuipokea."

Nilisema najua. Alinirudishia kwa mikono miwili, akaniambia tarehe ya mtihani ujao na kwamba nitafute familia nisiyokula kwake. Aliongeza kwamba karo yangu ya masomo haitadaiwa mara ya pili. Nilishukuru, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi ya juu ya duka nikiwa nimechoka hata kununa.

Nilimpigia mama mkwe hapohapo, kwa kuwa kama ningengoja kufika nyumbani ningepata sababu ya kutopiga. Nilimweleza kwa Kiswahili, kama mtu wa ofisi, kwamba faili halikupokelewa. Nilimweleza sababu. Nilisema ninamshukuru kwa ile chai, na kwamba sikujua, na kwamba sasa ni miezi sita mingine kabla sijaanza kazi. Nilisema pia kwamba ule ushauri wangu kuhusu maparachichi bado ni sahihi, maana kwa kweli ni sahihi.

Nilisikia ng'ombe akilia nyuma yake. Kisha akasema nami kwa Ekegusii, kwa mara ya kwanza, moja kwa moja, bila mtu katikati.

"Basi ile ya mtoni tusiing'oe kwanza," akasema. "Mpaka mtihani upite."

Nikasema sawa, mama, tusiing'oe.